Kitabu Kilichokunjwa kwa Mkono wa Dobi

Zamani mtu akiwa na nia aliificha moyoni mpaka itimie, lakini siku hizi watu huandika nia zao kwenye karatasi na kuzibandika ukutani, kila apitaye azisome kama tangazo la chumba cha kupanga.

Hivyo ndivyo nilivyonung'unika siku nilipoiona karatasi ya Mama Wawili. Alikuwa ameibandika upande wa ndani wa mlango wake, na kwa kuwa joto lilimlazimu kuacha mlango wazi kutwa, sisi wapangaji wote wa ua ule tuliisoma. Mambo yalikuwa matatu, kwa wino wa bluu, herufi zimesimama wima kama askari:

Kusoma na wanangu kila siku.

Kuwa mwalimu wa watoto wadogo kabla sijatimiza miaka ishirini na sita.

Kutowafokea asubuhi.

La tatu lilimshinda kabla gundi haijakauka. Kesho yake alfajiri ua mzima ulisikia: "Kiatu cha pili kiko wapi? Nauliza, kiko wapi!" Mwanamke wa chumba cha pembeni akapaza sauti kutoka bombani, "Mama Wawili, namba tatu hiyo!" Watu wakacheka na miswaki mdomoni. Naye akacheka.

Lile la pili ndilo lililochekwa kwa ubaya. Mama Wawili alikuwa na miaka ishirini na minne. Aliacha sekondari akiwa amebakiza mwaka mmoja, tumbo lilipoanza kuonekana. Mumewe aliendesha greda kwenye kambi za ujenzi wa barabara, akirudi nyumbani mara moja kwa miezi mitatu na vumbi la nchi nzima masikioni. Yeye mwenyewe alifanya kazi kwenye jumba la dobi, wanakofua mashuka ya hoteli na hospitali. Kutwa alisimama akitazamana na mwenzake, kila mmoja ameshika pembe mbili za shuka, wanalivuta, wanalikunja, wanalipiga pasi, wanachukua jingine. Mtu wa kazi hiyo akisema atakuwa mwalimu, watu humtazama miguu iliyovimba kisha hutazamana wao kwa wao.

Mama mkwe wake, aliyeishi nao na kushinda na watoto, alikuwa wa kwanza kutoa hukumu. "Kitabu hakipikwi kikaiva," alisema, akipepeta mchele. "Nimelea saba bila karatasi mlangoni."

Watoto wenyewe walikuwa hawa. Mkubwa, wa kike, miaka minne na nusu, tulimwita Wakili, kwa sababu hakuna jibu lililomtosha. Mdogo, wa kiume, miaka miwili, alikuwa Bwana Mkubwa, maana alitembea mikono nyuma akikagua ua kama mwenye nyumba.

Chumba changu kilitazamana na chao. Mimi nilikuwa fundi wa kujalidi vitabu, na nasema nilikuwa, kwa sababu kazi hiyo imekufa na sisi tuliobaki ni mabaki ya matanga. Vitabu vya leo hupakwa gundi mgongoni kama mkate unavyopakwa siagi. Ukikifungua mara tatu, kurasa zinaanguka kama nywele za mgonjwa. Sisi tulishona. Tulitumia uzi uliopakwa nta, sindano, na kipande cha mfupa cha kukandamiza mkunjo. Kusoma nilijifunza hapohapo kazini, kwenye karatasi nilizofagia, kwa hiyo nilijua mwanzo wa hadithi nyingi na mwisho wa chache. Hayo yatosha kuhusu mimi.

Jioni moja alikuja mlangoni kwangu, Bwana Mkubwa mgongoni, Wakili mkononi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Nimesikia una vitabu."

"Nina vitabu vya watu. Vinakuja vimevunjika, vinaondoka vimepona. Hapa ni hospitali."

"Basi hakuna mgonjwa aliyefariki ndugu wasije kumchukua?"

Nilitaka kukasirika, nikajikuta nimecheka. Akanieleza. Nyumbani hawakuwa na kitabu hata kimoja. Wiki tatu alikuwa akiwasomea watoto karatasi ya maelekezo iliyokuja na sufuria ya mvuke. Nikadhani ananitania, mpaka Wakili akasimama wima, akakariri: "Usifungue kifuniko kabla mvuke haujaisha! Hatari!" Kisha akaniuliza kwa uso mkavu, "Babu, kwani nani alikifungua?"

Nilikuwa na karatasi zilizoharibika. Kiwanda cha uchapaji kilichonipa kazi kilinitupia zile ambazo wino ulikolea mno au rangi zilipishana kidogo, mbuzi akawa na kivuli chekundu pembeni. Nyingi zilikuwa za vijitabu vya watoto, vile vidogo ambavyo hadithi nzima iko kwenye karatasi moja: unaikunja mara mbili, unapata kurasa nane, unashona katikati, unakata juu, unavisha jalada. Havikuwa hata na namba za kurasa, picha tu na mstari mmoja au miwili.

"Sina cha kukupa, babu, ila mikono," alisema.

"Mikono inajua nini?"

"Kukunja."

Nilimwonyesha mara moja jinsi karatasi inavyolazwa mezani na mkono unavyopita, kisha nikampa tano, nikageuka kutafuta vipande vya kadibodi. Nilipogeuka tena alikuwa amemaliza. Nilishika mkunjo kwa kidole. Miaka arobaini na moja sikuwahi kuona ukingo mkali namna ile, pembe zimekutana kama zimezaliwa pamoja, na hata mfupa wangu hakuugusa. Nilivutiwa na kingo zile hata sikutazama kilichochapwa. Nikashona vyote vitano usiku kucha, moyoni nikijisifu kwamba bado kuna watu wanaojua kukunja, nikampa kesho yake.

Tangu hapo, kila siku saa kumi na moja jioni, akirudi kazini, alikaa kizingitini miguu ikiwa kwenye beseni la maji, mtoto mmoja kila upande, akasoma. Alisoma polepole, kidole chini ya neno. Mimi nilikuwa kwangu na kazi yangu, sikusikiliza. Ua mzima una redio, simu zinazopiga kelele, watoto wanaolia. Zamani jioni ilikuwa na utulivu mtu akasikia mtu akisoma nyumba ya tatu. Siku hizi usipotega sikio husikii hata jina lako.

Baada ya kama wiki tatu umeme ulikatika, redio zote zikanyamaza kwa mpigo, nikasikia.

"'Wakalala fofofo chini ya shuka la bluu, mbuzi kichwani, bata miguuni,'" alisoma Mama Wawili. Akafunua. Pichani mbuzi, bata, mbwa na bibi kizee walikuwa wanakimbia shambani, ulimi nje. Akafunua tena. Upepo ulikuwa unang'oa shuka kwenye kamba. Akafunua la mwisho: bibi kizee anaanika shuka lake, jua zuri, mawingu hakuna. "'Leo hakuna upepo,' alisema bibi."

Wakili na Bwana Mkubwa walianguka kila mmoja upande wake kwa kicheko. "Upo!" alipiga kelele Wakili. "Bibi, upo! Unakuja!" Yule mdogo alijipiga tumbo akisema, "Paja, paja!" yaani upepo unakuja, kwa Kiswahili chake.

Nilivuka ua na sindano mkononi. "Lete hicho kitabu."

Nilikitazama mbele na nyuma, damu ikanipanda usoni. Jani la mwisho lilikuwa la kwanza, la kwanza lilikuwa la mwisho. Nikaomba vile vingine vinne. Vyote vilikuwa hivyo hivyo. Nyumba nzima ilikuwa inasoma kinyumenyume, na uzi ulikuwa wangu.

"Ulikunja vipi?" niliuliza.

Akafikiri, mikono yake ikajikunjia hewani kama imeshika pembe za shuka. "Kama kazini, babu. Upande mzuri huingia ndani usichafuke. Uliponionyesha niliona umelaza upande mzuri chini, nikasema mzee kasahau, nikageuza."

Nikashika tama. Ni kosa ambalo mtu wa kiwanda cha uchapaji asingelifanya hata akiwa amelala, na mtu wa kawaida angekunja hovyo tu. Ilihitajika dobi hodari ili kitabu kigeuke kwa ustadi namna ile. Na ilihitajika fundi mwenye majivuno akishone bila kukitazama.

"Vilete vyote, nivifungue nivishone upya."

Wakili akakikumbatia kile cha shuka la bluu. "Hakijaharibika."

"Kimeharibika, mjukuu wangu. Kimeanza mwisho."

"Ni changu."

Sikubishana na mtoto. Nilirudi chumbani, nikatafuta karatasi nyingine ya hadithi ileile, nikaikunja mwenyewe, nikaishona, nikampelekea mama yake jioni iliyofuata. Akaisoma kama mwandishi alivyotaka: bibi akaanika, upepo ukaja, wakakimbiza, wakalala. Bwana Mkubwa aliondoka katikati kwenda kukagua mfereji. Wakili alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akanirudishia.

"Hiki hakichekeshi, babu."

"Kwa nini?"

"Hapa bibi hajui, na sisi hatujui. Kwenye changu bibi hajui, sisi tunajua."

Mimi nimeshona vitabu vingi kuliko walivyosoma watu wengi waliovaa joho, na hilo sikuwahi kuliwaza. Mama yake alikaa miguu ndani ya beseni, akitazama vile vitabu viwili, kimoja kwenye kila goti, mpaka maji yakapoa.

Toka siku hiyo alibadili usomaji wake. Akifungua ukurasa aliuliza kwanza: hawa wamefikaje hapa? Jana walikuwa wapi? Na hao wadogo walibishana kama wazee wa baraza. Wakili alileta ushahidi: mbuzi ana tope kwenye goti, kwa hiyo alianguka, kwa hiyo kulikuwa na mteremko. Bwana Mkubwa alileta neno moja tu, "Bata," na kila jambo alimtupia bata. Watoto wa vyumba vingine wakaanza kusogea, wakakaa chini mbele ya beseni. Nikahesabu saba siku moja, tisa siku nyingine. Nikajiambia watachoka. Vitu vizuri siku hizi havidumu.

Ndipo tangazo likabandikwa kwenye geti la shule ya chekechea, mtaa wa pili kutoka kwa dobi. Walitaka watu wanne wa kufundishwa ualimu wa watoto wadogo hapo hapo shuleni kwa mwaka mmoja, kisha wapangiwe kazi. Mwenye cheti na asiye na cheti wote waje, ilimradi wafaulu imla asubuhi, na baada ya hapo kila mmoja asome kitabu mbele ya darasa la watoto kwa dakika ishirini. Siku ilikuwa moja, Alhamisi.

Alhamisi ilikuwa siku ya mashuka ya hospitali. Alipoomba ruhusa, msimamizi wa dobi alimjibu bila kuinua macho, "Nenda. Ila ukienda, usirudi. Nina watu kumi wanaongoja kwenye ngazi."

Jioni hiyo hakusoma. Alikaa kizingitini akitazama karatasi yake mlangoni. Akipata, la pili limetimia. Akikosa, hana nafasi shuleni wala shuka la kukunja, na mumewe atakuta nyumba imesimama kwa mguu mmoja.

"Mtaka yote kwa pupa hukosa yote," alisema mama mkwe kutoka jikoni. "Na siku hiyo mimi nina kliniki ya presha. Watoto nani atawashika?"

Bomba lilikuwa linadondosha maji.

"Mimi," nilisema. Nilikuwa wa kwanza kushangaa.

Basi Alhamisi nikaketi kwenye benchi la varanda ya chekechea, Bwana Mkubwa gotini, Wakili ubavuni, dirisha la darasa likiwa wazi juu ya mabega yetu. Watahiniwa walikuwa ishirini na watatu. Imla iliwapunguza wakabaki kumi na wawili, na Mama Wawili alikuwamo, wa tisa kuingia. Alikuwa amevaa gauni la kijivu lililopigwa pasi hata ungedhani limekatwa kwa bati.

Kosa la watahini lilikuwa hili: kitabu kilikuwa kimoja, na watoto walikuwa walewale. Hadithi ya ndama asiyetaka kuoga. Mtahiniwa wa kwanza alipoisoma, watoto thelathini walikaa kimya kama maji mtungini. Wa tatu aliposoma, wakaanza kuvuana viatu. Wa tano akawapigia kelele, "Semeni wote! Nda-ma!" nao wakasema wote, kama wafungwa. Wa nane, bwana mmoja mwenye tai, aliposoma, watatu walikuwa wamelala na mmoja alikuwa anatafuna kona ya mkeka. Mwalimu mkuu, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliandika, akaandika.

Mama Wawili akaingia.

"Huyo ndama tena!" alisema mtoto wa mbele.

"Tushamsikia!"

Alifungua ukurasa wa kwanza. Akasoma mstari mmoja, na sauti ilikuwa imemkauka, si yake. Mtoto mmoja akapiga mwayo mkubwa mpaka ukamwambukiza mwalimu mkuu. Niliona wazi kwamba imekwisha, na nikaanza kutafuta kichwani maneno ya kumwambia njiani, ingawa sina kipaji cha maneno hayo.

Akakifunga kitabu. Akakaa chini, mkekani, miguu pembeni, uso wake ukawa sawa na nyuso zao. Kisha akafungua ukurasa wa mwisho, akauinua.

"Kumbe nyie mnamjua ndama," alisema. "Mimi simjui, nimefika sasa hivi. Nimekuta hivi: ndama anang'aa kama sahani, na baba, mama, dada, mpaka paka, wamejaa matope hadi masikioni. Jamani! Nani kawafanya hivi?"

"Ndama!"

"Ndama huyu msafi? Msimsingizie."

"Ni yeye! Aliruka!"

"Aliruka kabla ya ndoo kumwagika, au baada?"

Hapo darasa likagawanyika vipande viwili. Waliosema kabla wakasimama, waliosema baada wakainuka kwa magoti. Waliokuwa wamelala wakaamka, wakauliza kuna nini. Aliyekuwa anatafuna mkeka akatema akasema paka ndiye mchochezi.

Mwalimu mkuu akagonga kalamu. "Mama, kitabu huanzia mwanzo."

"Ndiyo, mwalimu," alijibu Mama Wawili, bila kugeuka. "Tunaelekea huko."

Akafunua jani moja kurudi nyuma, na ndama alikuwa amekwisha kuruka, ndoo ingali angani. Nusu ya darasa wakashangilia kama wamefunga goli. Akasoma maneno yote ya ukurasa, kwa sauti yake ya kizingitini, kidole chini ya neno. Akarudi jani jingine, na jingine. Kila mara aliwauliza kabla ya kufunua, na kila mara walikuwa wamekwisha kusogea, mpaka mtoto wa mbele alikuwa ameegemea goti lake. Walipofika ukurasa wa kwanza, baba alikuwa amesimama na shati jeupe, sabuni mkononi, amevimba kifua. Akasoma polepole: "'Kumwogesha ndama,' alisema baba, 'ni kazi ndogo tu.'"

Watoto thelathini walicheka mpaka madirisha yakatetemeka. "Wee baba!" walipiga kelele. "Wee baba, ngoja!" Mmoja wa watahini, kijana, alificha uso nyuma ya karatasi zake, mabega yanaruka. Huku nje, Bwana Mkubwa, ambaye hakuona picha hata moja, alicheka kwa kufuata wenzake na kunilowanisha suruali.

Kengele ya dakika ishirini ililia. Watoto wakamkatalia kuondoka. Mwalimu mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema tu, "Anayefuata." Wa kumi aliingia na kukuta watoto wanasema kwa sauti moja, "Anzia nyuma!"

Matokeo yalisomwa alasiri ileile kwenye ngazi. Jina lake lilikuwa la pili kati ya manne. Wengine waliruka, mmoja akapiga vigelegele. Yeye alikaa kwenye ngazi, akavua viatu, akavishika mkononi kama mtu aliyetoka safari ndefu.

Wakili alimwinamia usoni. "Mama, umefaulu au umechoka?"

"Vyote viwili, mwanangu."

Kesho yake alikwenda kwa dobi kurudisha aproni. Alinisimulia mwenyewe, akicheka hata akashika ukuta. Msimamizi alitoka nje, mikono kiunoni. "Umepata?" "Nimepata." "Iweke hapo." Akaiweka. Alipofika mlangoni akasikia anaitwa. "Ebu sikia, dada. Mwanangu wa mwisho ana miaka mitatu, mkorofi. Hapo shuleni kwenu nafasi zipo?"

Mwaka ule wa mafunzo alikuwa akirudi jioni na magunia ya vifuniko vya chupa, vipande vya vitambaa, mawe yaliyopakwa rangi. Siku nyingine alichelewa kwa mikutano. Saa kumi na moja ikafika kizingiti kikiwa kitupu, nikasema moyoni, ndiyo hayo, la kwanza sasa limekufa, nilijua tu. Halafu nikasikia sauti ya mama mkwe. Hajui herufi hata moja. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kitabu mapajani, anazisoma picha. "Hapa huyu bwana amekasirika," alisema. Wakili akapinga: "Hajakasirika, bibi, jua linampiga machoni." "Mimi nimeishi na wanaume, najua hasira!" "Bibi, tazama kivuli!" Bibi akatazama kivuli. "Haya," alisema, "jua." Kwa muda wote niliomfahamu, ndiyo mara pekee niliyomsikia akishindwa hoja.

Alihitimu ikiwa imebaki miezi mitano atimize miaka ishirini na sita. Wakampangia chekechea mpya katika mji mwingine, karibu na kambi ya mumewe, darasa lake mwenyewe, mlango wenye kufuli ambayo ufunguo wake alikaa nao yeye. Alinionyesha ufunguo huo kabla ya kumwonyesha mtu mwingine yeyote. Nilimwambia kufuli za siku hizi ni bati tupu. Akasema, "Asante, babu," kana kwamba nimempongeza, na labda ndivyo ilivyokuwa.

Siku waliyohama, pikapu ilisimama mbele ya ua tangu saa tatu. Magodoro, jiko, beseni, meza iliyopinduliwa miguu juu, mama mkwe kwenye kiti cha mbele amekumbatia kuku wake. Tuliagana. Mwanamke wa chumba cha pembeni alilia. Mimi sikulia, nilimpa mkono, nikawapa watoto mkono, nikamwambia Wakili asisome kwenye mwanga hafifu. Wakapanda nyuma, juu ya magodoro. Dereva akawasha. Gari halikuwaka.

Hakuna jambo la aibu kama kuagana na watu kisha wakaendelea kuwapo. Dereva alifungua boneti. Sisi tukasimama, tumekwisha kusema yote, tunatazamana. Watoto wa mtaa wakaanza kujaa kuzunguka pikapu, wanapanda magurudumu, wanauliza mnakwenda wapi, mnarudi lini. Mama Wawili akatia mkono kwenye furushi lake akatoa kitabu. Kilikuwa kipya, cha dukani, cha gundi mgongoni, nilikiona kutoka pale nilipokuwa. Akakaa kwenye ukingo wa gari, miguu inaning'inia, akaanza kuwasomea. Sikusikia hadithi ilihusu nini. Niliona tu vichwa vikisogea, vikisogea, na Wakili amesimama nyuma ya mama yake anawaonyesha kwa kidole mahali pa kutazama, na Bwana Mkubwa, mikono nyuma, anawakagua waliochelewa.

Injini ikanguruma. Moshi ukatoka. Dereva akafunga boneti, akajipangusa mikono, akazunguka nyuma kuwaambia watoto washuke. Akasimama pale na kitambaa mkononi. Akasikiliza kidogo. Kisha akarudi mbele, akaingiza mkono dirishani, akaizima injini.

"Malizia kwanza, mwalimu," alisema.

Akamaliza. Halikuwa jambo la haraka, maana walikuwa na maswali. Halafu gari likawaka mara moja tu, watoto wa mtaa wakalikimbiza mpaka kwenye kona ya fundi seremala, na mimi nikabaki nimeinua mkono, wala sikujua nimeuinua tangu lini. Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyowaona.